Jiwe la Matumbawe Halisemi Uongo



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuyaache kidogo masomo ya Dominika, ili tulijibu fundisho ambalo limeanza kuota mizizi miongoni mwa waamini wetu. Linasikika katika mihadhara ya wazi, linarushwa redioni, na siku hizi linazunguka katika simu za mkononi hata ndani ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Fundisho lenyewe ni hili: kwamba chaza na matumbawe yanayoonekana ndani ya mawe ya nchi kavu ni mabaki ya Gharika ya Nuhu, kwamba yote yalitupwa hapo katika mwaka mmoja tu, miaka elfu chache iliyopita, na kwamba Mkristo anayekubali maelezo mengine ameikana Biblia.

Tunasema wazi tangu mwanzo, asiwepo wa kutuelewa vibaya: fundisho hilo si la kweli. Si la kweli kuhusu mawe, wala si la kweli kuhusu Maandiko Matakatifu. Tena ubaya wake haukomi kwenye kosa la elimu. Linamfunga macho Mkristo asione onyo zito ambalo mawe hayo yanatupa leo hii, kizazi chetu kinapoiangalia bahari ikifa.

Tuanze na jiwe lenyewe. Sisi wa Pwani tunalijua. Ndilo lililojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukilitazama kwa karibu ukuta ulipobanduka chokaa, utaona vijitundu vyenye umbo la nyota, mikunjo kama ya ubongo, na mahali pengine kombe zima la chaza lililogeuka jiwe. Mabaki kama hayo, ya viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, wataalamu huyaita visukuku. Maana yake ni kwamba ukuta ule ulikuwa bahari, na jiwe lile lilikuwa hai.

Matumbawe si jiwe kwa asili yake, wala si mmea. Ni wanyama wadogo sana, wenye mwili laini, wanaoishi pamoja kwa maelfu. Kila mmoja hujitengenezea kikombe cha chokaa anachoitoa katika maji ya bahari. Ndani ya mwili wake hukaa mwani usioonekana kwa macho, ambao hupokea mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake. Kwa sababu hiyo matumbawe yanayojenga miamba hupenda maji ya joto, maangavu, yenye chumvi na yasiyo na kina kirefu, mahali jua linapofika. Wanaokufa huacha vikombe vyao, na walio hai hujenga juu yake. Haba na haba hujaza kibaba: vikombe hivyo vidogo, kimoja juu ya kingine, ndivyo vilivyojenga miamba inayozuia mawimbi yasile fukwe zetu.

Sasa tuwasikilize kwa haki wale tunaowapinga. Wao husema: viumbe vya bahari haviwezi kufika nchi kavu pasipo maji, Biblia inasimulia kwamba maji yaliifunika nchi, basi maji hayo ndiyo yaliyovileta. Kwa sikio la mtu asiyelichunguza jiwe, hoja hiyo inaonekana nyepesi na ya kupendeza. Lakini waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Hatudai kwamba ndugu hao ni waongo wa makusudi. Tunachosema ni kwamba njia yao haifiki mbali, kwa maana jiwe lenyewe linaikata mara nne.

Kwanza, mwamba wa matumbawe hauletwi na maji, bali huota mahali ulipo. Vitu vilivyobebwa na mafuriko hukutwa vimevunjika, vimepinduka na kuchanganyika ovyo, kama takataka za mto baada ya masika. Nendeni katika machimbo ya mawe ya Pwani mkaone. Mtakuta vichwa vikubwa vya matumbawe vimesimama wima, kitako chini na uso juu, kama vilivyoota. Juu ya kimoja kilichokufa kimeota kingine, na ndani ya vilivyokufa kuna mashimo yaliyotobolewa na chaza wadogo, ambao wenyewe waliishi na kufa humo. Mafuriko gani yanaweza kupanga vitu namna hiyo?

Zaidi ya hayo, maji ya mvua na tope ni adui wa matumbawe. Mvuvi yeyote anajua kwamba mbele ya mdomo wa mto mkubwa kama Rufiji au Sabaki hapana mwamba mzuri, kwa sababu maji baridi ya mto na matope yake huua matumbawe. Kama mvua ya siku 40 ingeimiminikia dunia yote, na maji yake yakatawala kwa siku 150, matumbawe yangekufa yote. Yasingejenga hata ukuta wa kimo cha mtu. Wanaoileta Gharika iwe mjenzi wa miamba wanamchukua mwuaji na kumwita mkunga.

Pili, kuna habari ya muda. Matumbawe makubwa ya duara, yale yanayokua kama mawe makubwa baharini, huongezeka kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka. Jambo hili si la kukisia. Ukilikata tumbawe na kulipiga picha ya eksirei, utaona mistari ya kila mwaka kama pete za shina la mti. Mwaka 1842 Charles Darwin alitoa maelezo kwamba visiwa vya mviringo vya matumbawe katika Pasifiki vilijengwa juu ya milima ya volkano iliyokuwa ikizama polepole, huku matumbawe yakijenga kuelekea juu yasiikose nuru. Wengi walibishana naye. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa kisiwa cha Enewetak katika Visiwa vya Marshall. Kekee ilipita katika chokaa ya mwamba wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200 kabla ya kuligonga jiwe la volkano.

Ndugu wapendwa, tupige hesabu pamoja. Hata kama mwamba wote ungepanda sentimita 1 kila mwaka bila kupumzika, mita 1,200 zingehitaji miaka 120,000. Kwa kweli haukupanda kwa haraka hivyo, na tabaka zake za chini zina umri wa zaidi ya miaka milioni 40. Na matumbawe hayakai katika giza la mita 1,200. Kila tabaka la chini lilikuwa siku moja karibu na uso wa bahari, likiangazwa na jua. Mwaka mmoja wa Nuhu unaingiaje hapo?

Tatu, matumbawe ya kale yametunza kalenda. Mbali na mistari ya mwaka, baadhi ya matumbawe huacha mstari mwembamba sana kwa kila siku, kwa kuwa chokaa hujengwa tofauti mchana na usiku. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, John Wells, alihesabu mistari hiyo katika visukuku vya matumbawe ya enzi iitwayo Devoni, yenye umri unaokaribia miaka milioni 400. Hakukuta mistari 365 kwa mwaka. Alikuta karibu 400. Kwa nini? Kwa sababu dunia wakati huo ilikuwa ikizunguka kwa kasi zaidi, na siku moja ilikuwa na saa 22 hivi. Mvuto wa mwezi juu ya bahari, ule ule unaotuletea maji kujaa na maji kupwa, umekuwa ukiipunguza mwendo dunia kidogo kidogo tangu hapo. Wanajimu walikuwa wamekwisha kupiga hesabu hiyo kwa kuangalia mbingu, kisha jiwe la bahari likaja kutoa ushahidi ule ule. Mashahidi wawili wasiojuana wanapokubaliana, hakimu mwenye haki husikiliza.

Nne, miamba ya kale haikujengwa na viumbe wale wale. Kama yote ingekuwa ya mwaka mmoja, tungekuta wajenzi wale wale kila mahali, wamechanganyika. Sivyo ilivyo. Kaskazini-magharibi ya Australia, katika nchi ya Kimberley, upo mwamba mkubwa wa enzi ya Devoni unaosimama leo katika nchi kavu kama ukuta. Ulijengwa na jamii za sifongo na matumbawe ambayo hayapo tena popote duniani. Katika jimbo la Texas, Marekani, milima ya Guadalupe yenye kilele cha mita 2,667 ni mwamba wa bahari wa miaka zaidi ya milioni 260, na wajenzi wake wakuu walikuwa sifongo na mwani. Katika Italia ya kaskazini, milima ya Dolomiti, ambako alizaliwa Mwenye Heri Papa Yohane Paulo I, ina miamba ya bahari ya enzi iliyofuata, na humo ndimo tunaanza kuona jamii ya matumbawe tunayoijua leo. Kila enzi ina wajenzi wake, kwa utaratibu ule ule katika kila bara.

Na jiwe letu la Pwani je? Hilo ni kijana kati ya wazee hao. Urani kidogo iliyomo katika matumbawe hubadilika polepole kuwa thoriamu, na kwa kupima badiliko hilo wataalamu husoma umri. Sehemu kubwa ya miamba ya kale tunayoikanyaga katika pwani ya Kenya ni ya miaka 125,000 hivi iliyopita. Wakati huo barafu ya ncha za dunia ilikuwa imeyeyuka kuliko leo, na bahari ya dunia ilisimama juu ya kiwango cha sasa kwa mita kati ya 5 na 10. Baadaye baridi kuu ilirudi, na miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilishuka mita 120 chini ya kiwango cha leo. Unguja ikawa sehemu ya bara, wakati Pemba, yenye mkondo wa kina kirefu, ilibaki kisiwa. Bahari ilipanda tena, ikafika tunapoiona. Kwa hiyo maji yalifika kweli hapo juu. Lakini yalifika polepole, yakakaa kwa maelfu ya miaka, na mabustani ya matumbawe yakaota ndani yake kwa amani.

Hapo ndugu zetu watatuuliza kwa ukali: je, Padre, Biblia imedanganya? La hasha! Biblia haidanganyi. Anayekosea ni yule anayeiuliza swali ambalo haikukusudia kulijibu. Mtakatifu Augustino, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo, alikwisha kuonya mwanzoni mwa karne ya 5 juu ya Wakristo wanaosema mambo ya ovyo kuhusu mbingu na nchi, kisha wanayabandika jina la Maandiko. Alieleza kwamba asiyeamini, akisikia upuuzi katika jambo analolijua vizuri, hatatuamini tena tukimweleza habari ya ufufuko. Papa Pius XII mwaka 1943, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, walitufundisha kutafuta mwandishi mtakatifu alikusudia kusema nini na kwa mtindo gani wa uandishi. Sura za Gharika zinatufundisha juu ya dhambi inayoharibu uumbaji, juu ya haki ya Mungu, na juu ya agano lake na kila kiumbe hai. Hazikuandikwa kuwa mwongozo wa machimbo ya mawe.

Tena wasituambie kwamba elimu ya visukuku ni silaha ya wasioamini. Mmoja wa waasisi wake ni askofu Mkatoliki. Niels Stensen, mzaliwa wa Copenhagen, alipasua kichwa cha papa mkubwa huko Florence mwaka 1666, akatambua kwamba mawe fulani yaliyoitwa ndimi kumbe ni meno ya papa wa kale. Mwaka 1669 alieleza kanuni ambayo kila mwanafunzi wa jiolojia hujifunza hadi leo: tabaka la chini liliwekwa kabla ya tabaka la juu. Yeye mwenyewe, kwa elimu ya wakati wake, bado aliihusisha Gharika na baadhi ya matabaka ya Italia. Lakini njia aliyoifungua ndiyo iliyowafikisha waliomfuata mahali tulipo. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1675, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1677, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Mtu huyo hakuona vita kati ya altare na nyundo ya kuvunjia mawe. Sisi tunaitafuta vita hiyo kwa faida ya nani?

Faida hakuna, ila hasara ipo, na ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Kijana wetu wa Kipaimara anayefundishwa kwamba lazima achague kati ya Yesu na kitabu chake cha jiografia, siku moja ataliona jiwe kwa macho yake mwenyewe. Siku hiyo atadhani amekwisha kumpoteza Yesu. Wanaomwekea mtego huo wajue wanabeba nini mabegani mwao.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Miamba ya kale inatueleza kwamba bahari inaweza kufa. Miaka milioni 252 iliyopita, volkano kubwa mno katika nchi ya Siberia zilimwaga hewa ya kaboni kwa wingi, bahari ikapata joto na asidi, na jamii zote za matumbawe ya kale zikatoweka. Haikubaki hata moja. Katika mawe yaliyofuata, wataalamu hutafuta matumbawe kwa muda wa mamilioni ya miaka wasiyaone. Yalipotokea tena yalikuwa jamii mpya, zile za Dolomiti. Mungu aliirudishia bahari uzima, ndiyo, lakini kwa saa yake yeye, si kwa saa ya mwanadamu. Hakuna mvuvi awezaye kungoja miaka milioni moja ili apate kitoweo.

Anayeamini kwamba miamba yote ilijengwa katika mwaka mmoja, ataona shida gani ikibomolewa? Atasema itajijenga tena mwakani! Hapo ndipo fundisho hili linapogeuka kuwa sumu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yaliufukuza mwani wake, yakageuka meupe, na sehemu kubwa ikafa katika pwani yetu. Joto hilo lilirudi mwaka 2016, likarudi tena mwaka 2024. Hewa inayoipasha dunia joto ni ya aina ile ile iliyoiua bahari ya kale, ila safari hii inatoka katika viwanda, magari na moto wetu wanadamu. Nchi tajiri zimechangia sehemu kubwa kuliko sisi, na tuwaambie hivyo bila woga. Lakini baruti inayorushwa juu ya mwamba hairushwi na mtu wa nchi tajiri. Tanuri ya chokaa inayolishwa matumbawe yaliyong'olewa yangali hai haiwashwi na mgeni. Anayevua kwa baruti huvunja katika nukta moja kile ambacho Muumba alikijenga kwa karne tano, kisha Dominika anakuja kutoa sadaka ya samaki aliowauza.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja miamba ya matumbawe kwa jina, na kuhuzunika kwamba mingi imekwisha kuwa mitupu au inazidi kudhoofika. Ni mafundisho ya Kanisa, si mapambo ya hotuba. Basi, tuyatimize hapa nyumbani. Kamati za ujenzi za vigango zisinunue chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hai, hata kama bei yake ni ndogo. Jiwe la kale la nchi kavu na saruji vinatosha. Makatekista wasiwafundishe watoto kwamba visukuku ni mabaki ya Gharika. Wazee wa Jumuiya za pwani wasimfiche mvua baruti kwa kisingizio cha undugu. Na ninyi vijana, someni jiolojia na elimu ya bahari bila kuogopa. Kanisa halina hofu na ukweli wowote, kwa maana ukweli wote una Mwenyewe mmoja.

Upande wa pili nao wasikie. Wapo wanaoshika jiwe hilo hilo na kusema: tazameni, miaka ni mamilioni, basi Mungu hayupo. Hao nao wanalisingizia jiwe. Jiwe linatuambia lini na namna gani. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, hilo halikuulizwa wala halikujibu. Miaka mingi haimpunguzi Muumba. Inaupunguza upesi wetu wa kuhukumu.

Ukuta wa jiwe la matumbawe hauna haja ya mhubiri wa kuusemea. Umesimama Pwani nzima, na yeyote anayepita anaweza kuusogelea na kuusoma. Unasema kwamba bahari ilikuwapo kabla yetu, ikapanda na kushuka, ikaishi na kufa na kuishi tena, na kwamba kilichojengwa polepole hivyo hakistahili kubomolewa kwa pupa. Tukiusikia, tutakuwa tumeiheshimu hata ile habari ya Nuhu kuliko wanaoipigania kwa maneno. Nuhu hakuambiwa abishane juu ya maji. Aliambiwa aokoe viumbe hai.